Nani yuko hatarini kuishiwa damu mimba ikikua? Maswali ya hudhurio la kwanza

Nuru_K

Wakuu, habari za kazi.

Natayarisha karatasi ya maswali ya kumuuliza mama anapokuja kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza. Ukurasa mmoja tu, ili tumjue mapema anayeelekea kuishiwa damu kabla hajaishiwa. Utaratibu wa kawaida ni kupima Hb (hemoglobini, kwa gramu katika desilita moja ya damu), kisha kila mama anapewa vidonge vya kuongeza damu. Tatizo ni hili: wiki ya 10 kipimo kinasoma 11.8, mama anaambiwa damu iko sawa, halafu wiki ya 28 anarudi na 8.9.

Vitabu vinataja sababu ishirini kwa mkupuo bila kuonyesha ipi ina uzito kuliko ipi. Naomba msaada kwa mambo matatu: maswali yapi yasikose, kila moja lina uzito kwa nini, na ni kitu gani kwenye kipimo chenyewe kinaweza kutupotosha.

Mkunga_Zamu

Nuru, umeanza mahali sahihi. Swali la kwanza liulize mimba iliyopita, si hii ya sasa. Nitakupigia hesabu uone sababu.

Mimba moja hadi kujifungua inadai takribani miligramu 1,000 za madini ya chuma. Kama 300 zinakwenda kwa mtoto na kondo la nyuma, kama 500 zinatengeneza chembe nyekundu za ziada za mama, zilizobaki ni upotevu wa kila siku wa mwili. Mwanamke mwenye akiba nzuri huwa na miligramu 300 hivi ghalani. Wengi hawafiki hapo, na wako wanaoshika mimba ghala likiwa tupu kabisa.

Miezi mitatu ya mwanzo haidai sana kwa sababu hedhi imesimama. Ndiyo maana 11.8 ya wiki ya 10 haikwambii kitu kuhusu akiba. Miezi ya kati mahitaji yanapanda, na mwishoni mwili unataka zaidi ya miligramu 6 kila siku, ilhali mtu asiye mjamzito hufyonza 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula. Utumbo wa mjamzito unajitahidi kufyonza zaidi, lakini pengo linabaki, na pengo hilo linazibwa na akiba au na vidonge. Asiye na akiba na asiyemeza vidonge ndiye huyo wa 8.9.

Sasa, kila mililita ya damu inayomwagika huondoka na karibu nusu miligramu ya chuma. Aliyepoteza mililita 500 wakati wa kuzaa amepoteza 200 hadi 250. Kurudisha kiasi hicho kwa chakula peke yake ni kazi ya miezi mingi, na hedhi ikianza tena inachota humo humo. Kwa hiyo andika:

Mtoto wa mwisho alizaliwa tarehe gani? Usiulize "umepumzika muda gani", maana jibu litakuwa la kukadiria. Chukua tarehe, uhesabu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Anayeshika mimba mtoto akiwa na miezi 8 mweke kwenye kundi la hatari hata kama Hb yake leo ni 12.

Ulipojifungua, damu ilitoka nyingi? Uliongezewa damu? Ulifanyiwa upasuaji? Uliza pia mimba zilizoharibika, kwa sababu damu ya mimba iliyotoka huwa haihesabiwi na mtu yeyote.

Hedhi yako ilikuwaje kabla ya mimba? Hapa usiulize "ilikuwa nyingi?" Kila mtu anaona yake ndiyo ya kawaida. Uliza siku ya pili alikuwa anabadilisha pedi kila baada ya saa ngapi, kama alilazimika kuamka usiku kubadilisha, kama yalitoka mabonge, na ilichukua siku ngapi. Zaidi ya siku 7, au pedi kulowa kila saa moja au mbili, hiyo ni hedhi nzito. Uliza kama alikuwa na kitanzi cha shaba, maana huongeza hedhi kwa baadhi ya wanawake, au kama amewahi kuambiwa ana uvimbe kwenye kizazi.

Umri pia. Binti wa miaka 16 bado anakua, kwa hiyo mwili wake na mtoto wanagombania chuma kile kile. Na mimba ya mapacha: ikigundulika tu, rudi kwenye karatasi ubadilishe ratiba yake ya kupima.

La mwisho kutoka kwangu, uliza kama anatamani kula udongo, barafu au mchele mbichi. Uliza kwa upole, bila kukunja uso, la sivyo atakana. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeshapungua, na udongo wenyewe unashika chuma tumboni kisifyonzwe.

Darubini

Nitajibu upande wa maabara, kwa sababu namba mbaya ikiingia kwenye kadi kila uamuzi unaofuata utaiegemea.

Kwanza mipaka. Kwa mjamzito, upungufu wa damu ni Hb chini ya 11 katika miezi mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi ya kati. Miezi ya kati imeshushiwa kwa sababu maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe: maji hupanda kwa asilimia 40 hadi 50, chembe kwa 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo damu inazimuliwa. Kushuka kidogo ni kawaida na ni dalili kwamba mwili unaitikia mimba. Chini ya 7 ni upungufu mkali.

Nuru, kutoka 11.8 hadi 8.9 si kuzimuliwa. Kuzimuliwa hakumshushi mama mwenye akiba hadi huko.

Pili, kidole. Makosa mengi yanazaliwa hapa. Mkono ukiwa wa baridi damu haitiririki, mpimaji anaminya, na akiminya yanatoka maji ya tishu pamoja na damu, namba inashuka kwa uongo. Spiriti isipokauka nayo inachanganyika na tone. Pasha mkono joto, tumia kidole cha kati au cha pete, choma pembeni ya ncha, si katikati. Tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu. Tone linalofuata liwe kubwa kiasi cha kujaza kikuveti (kichombo kidogo kinachoingizwa kwenye mashine ya Hb) kwa mkupuo mmoja bila kiputo cha hewa. Ukijaza nusu, ukarudi kuongeza, tupa uanze upya. Ukiona namba imeruka kwa zaidi ya 1 bila sababu, rudia kwa damu ya mshipa kabla hujamtisha mama au kumtuliza.

Tatu, Hb inaweza kuonekana nzuri isipostahili. Anayeishi kwenye miinuko mirefu na anayevuta sigara wote hupandishiwa Hb na mazingira yao, kwa hiyo 11.2 yao huenda ni upungufu uliofichwa. Mama aliyeishiwa maji kwa kutapika naye husoma juu.

Nne, akiba haionekani kwenye Hb. Inaonekana kwenye feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini. Chini ya mikrogramu 15 kwa lita katika miezi mitatu ya mwanzo akiba imekwisha, na waganga wengi huanza kutibu ikiwa chini ya 30. Ila feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi, hata kama chuma hakipo. Feritini ya 40 kwa mama mwenye homa haikuhakikishii chochote. Feritini ya 8, kinyume chake, iamini moja kwa moja: hakuna kitu kingine kinachoishusha hivyo.

Kama feritini haipatikani, tazama ukubwa wa chembe kwenye karatasi ya picha nzima ya damu, ile safu ya MCV. Chembe ndogo zinaelekeza kwenye upungufu wa chuma au talasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi). Chembe kubwa zinaelekeza kwenye upungufu wa foleti (kidonge chake ni asidi ya foliki) au vitamini B12. Chembe za kawaida na Hb iko chini, fikiria ugonjwa wa muda mrefu, figo, au damu iliyopotea karibuni. Na kumbuka kwamba mama anayekosa chuma na foleti kwa pamoja anaweza kukupa ukubwa wa kawaida, kwa sababu moja linapunguza na lingine linaongeza.

Daktari_Kijani

Waliotangulia wamegusa akiba. Mimi naongeza wezi wa damu, kwa sababu mama anaweza kumeza vidonge vyote na bado akashuka kama kuna kinachomla.

Malaria ndiyo ya kwanza mahali ilipo. Inavunja chembe zilizoambukizwa na hata zisizoambukizwa, inazubaisha uboho usitengeneze nyingine, na vimelea vya falsiparamu hujificha kwenye kondo la nyuma kiasi kwamba kipimo cha kidole kinaweza kusema hakuna kitu. Mimba ya kwanza iko hatarini zaidi, kwa sababu kinga dhidi ya vimelea vya kwenye kondo hujengeka mimba baada ya mimba. Swali la karatasi: hii ni mimba ya ngapi, analala ndani ya chandarua chenye dawa, na dozi ya mwisho ya SP (dawa ya kumkinga mjamzito na malaria) ilikuwa lini? SP inaanza miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, dozi zipishane angalau mwezi mmoja, lengo zifike tatu au zaidi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP.

Minyoo ya safura. Inakaa utumbo mwembamba ikinyonya. Ile aina ya nekata hunyonya kama mililita 0.03 hadi 0.05 kwa mnyoo kwa siku, ankilostoma 0.15 hadi 0.25. Mama mwenye ankilostoma 100 anaweza kupoteza mililita 20 kila siku. Linganisha na ile hesabu ya Mkunga uone kama kidonge kimoja kitafua dafu. Albendazoli miligramu 400 dozi moja, au mebendazoli 500, baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Minyoo hii inaingia kwa ngozi ya miguu, kwa hiyo uliza kuhusu viatu na choo. Kichocho nacho ni mwizi, tena wa kimyakimya. Prazikwanteli inaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo.

VVU: ugonjwa wenyewe hushusha damu, na zidovudini, moja ya dawa zake, hushusha pia. Soma majina ya dawa kwenye kadi, usitosheke na neno "ARV".

Selimundu na talasemia: uliza ndugu wa tumbo moja, watoto waliofariki wadogo, kuongezewa damu mara kwa mara, manjano ya macho. Hawa wasilundikiwe chuma kabla ya kujua feritini, maana wengine chuma kimewazidi kwa damu walizoongezewa. Mwenye selimundu anahitaji asidi ya foliki ya miligramu 5, si ile ya kawaida ya 0.4.

Tumbo: aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, mwenye kuharisha kwa muda mrefu, mwenye vidonda vya tumbo, na anayemeza omeprazoli au dawa nyingine za kuzima asidi kila siku. Chuma kinahitaji asidi ili kifyonzwe. Dawa za kifafa kama fenitoini zinagombana na foleti, hizo nazo ziandikwe.

Lishe_Bora

Kwa ufupi upande wa chakula. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa vizuri kuliko cha maharage na mboga za majani. Kwa hiyo swali si "unakula mboga?" bali "wiki iliyopita ulikula nyama au samaki siku ngapi?" Asiyekula kabisa vitu vinavyotokana na wanyama, hata maziwa na mayai, ana hatari ya pili ya vitamini B12, na vidonge vya chuma na foliki havimsaidii kwa hilo.

Uliza pia anakunywa chai au kahawa saa ngapi. Akinywa pamoja na chakula ufyonzaji unashuka sana. Asogeze saa moja au mbili, haina haja ya kuacha. Na aliyetapika mfululizo miezi mitatu ya mwanzo usimhesabu kama aliyemeza vidonge, hata kama pakiti imeisha.

Nuru_K

Nashukuru sana, nimeshaanza kufuta na kuandika upya. Swali la ziada. Tuseme mama ana wiki 20, Hb 9.2, amepewa vidonge kwa wiki nne na Hb haijasogea. Hana homa. Nianzie wapi?

Mfamasia_B

Anzia mfukoni mwake, dada. Mwombe alete vidonge vilivyobaki uvihesabu pamoja naye. Usimuulize "unameza?" kwa sababu jibu ni ndiyo. Sema "wengi vinawachefua wanaruka siku, wewe wiki hii umeruka mara ngapi?" Kisha uliza rangi ya choo. Anayemeza chuma choo chake huwa cheusi au kijani kilichokolea. Choo cha rangi ile ile ya zamani kinatia shaka.

Pili, soma lebo. Hapa watu wengi wanapotea. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama 65 tu. Ferasi fumareti ya 200 nayo ina kama 65. Ferasi glukoneti ya 300 ina kama 35. Dozi ya kinga ni chuma halisi miligramu 30 hadi 60 kwa siku pamoja na asidi ya foliki 0.4, na pale upungufu ulipoenea sana hutumika 60. Mama ambaye tayari yuko 9.2 ameshatoka kwenye kinga, Shirika la Afya Duniani linapendekeza 120 kwa siku hadi Hb irudi kawaida, kisha arudi kwenye dozi ya kinga. Kwa hiyo huyu wako huenda alipewa kinga mahali pa tiba.

Tatu, anameza na nini. Bora tumbo likiwa tupu, kwa maji. Kikimchefua ameze usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula kidogo, hata kama ufyonzaji utapungua. Kidonge kilichofyonzwa nusu kinashinda kilichobaki kwenye pakiti. Vidonge vya kalisi na dawa za kiungulia vipishane na chuma kwa saa mbili au zaidi. Dawa ya tezi, levothairoksini, saa nne. Anayetumia dolutegraviri ameze vyote pamoja na chakula. Akiwa hajala, dolutegraviri itangulie saa 2 kabla ya chuma au ifuate saa 6 baada yake, la sivyo chuma kitaishika na dawa ya VVU haitafika inakotakiwa.

Akilalamikia kukosa choo, maji na vyakula vya nyuzinyuzi kwanza, kisha fikiria kushusha dozi kabla hajaacha kabisa.

Kuhusu foliki: pale SP inapotumika, miligramu 5 kwa siku inaweza kuivuruga SP isifanye kazi dhidi ya malaria. Ile ya 0.4 haina shida hiyo. Angalia kidonge cha mchanganyiko kina ipi.

Na mwambie avifungie juu. Vidonge hivi vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza kadhaa anaweza kufa.

Daktari_Kijani

Nakubaliana na Mfamasia, naongeza yanayofuata. Akimeza sawasawa dozi ya tiba, Hb inatakiwa ipande angalau 1 ndani ya wiki mbili hadi nne. Isipopanda, zimebaki sababu nne: anapoteza damu mahali, hafyonzi, kuna maambukizi yanayofunga mlango wa chuma, au tatizo si chuma tangu mwanzo. Pima feritini, picha nzima ya damu, choo kwa minyoo, malaria, VVU, selimundu, mkojo. Kwenye maambukizi ini hutoa hepsidini, na hepsidini ikiwa juu utumbo haupitishi chuma hata ukiongeza vidonge mara tatu. Tibu maambukizi kwanza.

Kama vidonge vimeshindikana, au upungufu umegundulika baada ya wiki ya 34 na muda umebaki mdogo, chuma cha mshipani ni njia nzuri. Hakitolewi miezi mitatu ya mwanzo, na kitolewe penye dawa na watu wa kushughulikia mzio.

Hb chini ya 7, au namba yoyote ile ikiambatana na kuhema akiwa amekaa, moyo kwenda mbio, kuzimia au kuvimba ghafla, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Mama wa aina hii hata damu kidogo ya kuzaa inaweza kumuua, na maji ya dripu yakitiririshwa kwa kasi yanaweza kuuzidi nguvu moyo wake.

Mkunga_Zamu

Nuru, kwenye ratiba weka hivi: asiye na hatari yoyote apimwe Hb hudhurio la kwanza, wiki ya 26 hadi 30, na karibu wiki ya 36. Mwenye hatari mbili au zaidi usimsubirishe hadi wiki ya 26. Mpime kila wiki nne. Hatari zinajumlishana: binti wa miaka 17, mimba ya kwanza, anayeishi penye malaria, na hedhi yake ilikuwa nzito, huyo Hb ya 11.5 isikupe usingizi.

Baada ya kujifungua asiache vidonge siku anayoondoka wodini. Aendelee wiki 6 hadi 12, na kama alikuwa na upungufu, aendelee miezi 3 tangu Hb iliporudi kawaida ili akiba ijae. Kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, mtoto naye apate chuma chake.

Na chini kabisa ya ukurasa wako acha mstari mmoja mtupu, ujazwe chumba cha kujifungulia: kiasi cha damu kilichopotea, kwa mililita, si "wastani". Anayempokea mama huyo kwenye mimba ijayo ataanzia hapo.